Daftari la Wenye Ndoo

Nianze kwa kusema nisichokijua. Sijui Waziri alizaliwa kijiji gani, sijui baba yake alikuwa nani, wala walikuwa wangapi kwao. Nilimwandikia majibu ya maswali ya wabunge kwa miaka mingi, na muda wote huo sikumuuliza hata mara moja. Angenijibu, nadhani. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kujua mambo bila kuuliza, na hiyo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuisimulia, ingawa nimeizunguka mara nyingi nikitafuta mahali pa kuanzia ambapo sitajiaibisha. Sikupapata.

Nitamwita Waziri tu, hata sasa ambapo si waziri tena.

Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Asubuhi, kipindi cha maswali kilipofika kwenye wizara yetu, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, “Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo,” halafu akanyamaza. Alinyamaza kwa pumzi moja tu, lakini ukumbi wote uliisikia. Mwanzoni nilidhani anatafuta mstari kwenye karatasi. Siku moja tukiwa kwenye gari nikamuuliza, akasema, “Wabunge wamekaa mbele yangu, nawaona. Anayenisikiliza yuko jikoni na redio yake, simuoni. Lazima kwanza nimkumbuke.”

Mimi na wenzangu tulikaa pembeni, sehemu ya watumishi, na mafaili mapajani. Kazi yetu ilikuwa kumtumia vikaratasi likitokea swali la nyongeza lisilotarajiwa. Mbunge hukuandikia swali lake la msingi mapema, ukapata muda wa kulijibu kwa adabu, lakini la nyongeza hulitoa hapo hapo, mdomoni, na hilo ndilo linalomvua nguo waziri asiyejua anachokisema.

Jibu la kwanza nililomwandikia lilirudi mezani kwangu likiwa jekundu. Nilikuwa nimeandika, kama nilivyokuta wenzangu wanavyoandika, kwamba Serikali inalitambua tatizo hilo na mchakato unaendelea. Aliniita.

“Hapa umesema nini?”

“Nimesema mchakato unaendelea, Mheshimiwa.”

“Unaendelea kwenda wapi?”

Akanirudishia karatasi, akafungua hotpoti yake ya mihogo ya kuchemsha, akala mbele yangu bila kunikaribisha. Kwa chakula alikuwa mchoyo, na sisemi hivi kwa kumsengenya; ofisi nzima ilijua. Mtu aliyekuwa radhi kusimama juani saa mbili akimsikiliza mkulima hakuwa radhi kukugawia kipande cha muhogo.

Na asifikiri mtu kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kukwepa. Kuna mbunge mmoja alimbana kuhusu daraja, na Waziri hakuwa na jibu. Akaanza kumpongeza. Alimpongeza kwa uchapakazi, akampongeza kwa ufuatiliaji, akasema wananchi wa jimbo lile wamepata jembe kwelikweli, mpaka muda ukaisha na mbunge akaketi huku anatabasamu. Mchana, kantini, yule mbunge akanishika mkono. “Hivi ndugu yangu, Waziri alinijibu nini?” Nilipomfikishia Waziri maneno hayo alicheka mpaka akatoa leso. Kisha akaikunja taratibu. “Siku ile nilitakiwa kusema sijui,” akasema. “Niliona haya.”

Alipenda makofi. Alipaka nywele piko, na video yake ikirushwa kwenye simu za watu aliitazama mara tatu, akituuliza kama ile tai imekaa sawa. Alikuwa mkali pia. Aliwahi kulitupa faili sakafuni, na mimi ndiye niliyeokota kurasa. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye gari, alimwamkia dereva wake shikamoo kwa sababu dereva yule alimzidi umri, na dereva akaitika, “Marahaba, Mheshimiwa,” akamfungulia mlango. Wageni waliokuja wizarani walidhani ni mzaha.

Kitu kimoja hakuwahi kukifanya, nacho mawaziri wengi hukifanya wakibanwa: kusema, “Nilielezwa hivyo na wataalamu wangu.” Mwenzetu mmoja alipomshauri atumie njia hiyo, Waziri alimkatiza. “Wataalamu wangu hawakusimama mle ndani. Niliyesimama ni mimi.”

Sasa nije kwenye daftari.

Lilikuwa daftari nene la shule lenye jalada gumu, lile tunaloliita kauntabuku, na pembe zake zilikuwa zimekwisha kwa kushikwa. Ndani yake mlikuwa na namba za simu za nchi nzima, na hapakuwa na hata moja ya mtu mwenye cheo. Majina pia hayakuwamo. Ukurasa wa upande wa kwetu, Kilosa, nilikuja kuujua kwa moyo: Muuza nyanya, Dumila stendi. Fundi baiskeli, Berega. Mama Maandazi, ng'ambo ya Kisanga. Mwenye mashine ya kusaga, Mikumi. Kila alikotembelea alirudi na namba kama hizo. Na utaratibu wake ulikuwa kwamba hakuna jibu ambalo lingemfikia kabla afisa aliyeliandika hajampigia mtu mmoja wa daftari lile, anayekaa palipoulizwa.

“Ripoti inaandikwa na mtu mwenye meza,” alituambia. “Mimi nataka mwenye ndoo.”

Hakupiga mwenyewe. Alisema watu wakisikia sauti ya waziri huanza kusifu. Afisa ndiye apige, ajitambulishe kwa upole, asikilize, kisha aje. Na yeye angemuuliza neno moja tu: “Umepiga?”

Kazi ile niliipenda na niliichukia. Yule muuza nyanya wa Dumila, mara ya kwanza nilipomwambia napiga kutoka wizarani, alisema, “Subiri kwanza basi liondoke,” akaniacha hewani nikisikia anavyobishana bei na abiria madirishani. Aliporudi, akanieleza kwa sentensi tatu habari ambayo ripoti iliyokuwa mbele yangu ilishindwa kuisema kwa kurasa nne. Nilijisikia mdogo. Nilikuwa na shahada, yeye alikuwa na sinia.

Basi likaja swali la mbunge mmoja wa viti maalumu, mama mtulivu asiyependa makelele. Aliuliza kuhusu kisima cha pampu cha kijiji kimoja ng'ambo ya Kisanga. Nilifungua faili nikakuta tulishajibu swali kama hilo mwaka uliotangulia: kisima kimekamilika na wananchi wanapata maji. Nikabadilisha namba ya swali na tarehe. Chini kabisa ya faili palikuwa na barua mpya kutoka huko huko, bado imebanwa kwenye bahasha yake. Niliiona. Nitalisema mara ya pili kwa sababu kwa miaka nimejiambia kwamba sikuiona: niliiona, sikuifungua.

Kilichonizuia si uvivu peke yake, na afadhali ungekuwa uvivu. Mimi ni mtoto wa Kilosa. Babu yangu alikuja kukata katani, baba yangu akafanya kazi reli, nami nimekua karibu na stesheni. Wenzangu walipokuwa wakihangaika kutamka majina ya vijiji vya huko, mimi niliwasahihisha. Kumpigia mtu wa Kisanga simu ili aniambie habari za Kisanga niliona ni kujishusha. Ukweli ni kwamba kule nilifika mara moja tu, nikiwa kidato cha pili, tulipokwenda kucheza mpira, tukafungwa, tukarudi.

Waziri akaniita. Karatasi ilikuwa mkononi mwake.

“Umepiga?”

“Nimepiga, Mheshimiwa.”

“Mama Maandazi amesemaje?”

Hapo ndipo ningeweza bado kujiokoa. Badala yake nikasema, “Anasema yanatoka vizuri, Mheshimiwa. Anashukuru.”

Alinitazama, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. “Yanatoka!” akasema. “Basi amepumzika.” Nilidhani anasema kuhusu wananchi kwa jumla, kama viongozi wanavyosema “mama” wakimaanisha kina mama wote. Nikachukua faili nikatoka, tena nikiwa nimefurahi kwamba nimemfurahisha.

Asubuhi iliyofuata alisimama, akafunga kifungo, akanyamaza ile pumzi yake moja. Kisha akasoma jibu langu, na alipofika mwisho akaongeza jambo ambalo halikuwemo. “Na mimi, Mheshimiwa Spika, sikutegemea ripoti peke yake. Yupo mama mmoja anayechota maji pale kisimani. Ameulizwa, amesema yanatoka.” Makofi yakapigwa. Nami nilipiga, kwa mazoea.

Yule mbunge akasimama na swali lake la nyongeza. Hakupandisha sauti. “Mheshimiwa Spika, kisima anachokisema Mheshimiwa Waziri hakijatoa maji tangu masika. Je, yuko tayari kuongozana nami, twende akayanywe hayo maji yanayotoka?”

Ukumbi ukaguna, wengine wakacheka. Waziri akageuza kichwa upande wetu. Hii ndiyo saa ya kikaratasi. Ningeweza kuandika maneno mawili tu, “sikupiga”, na mhudumu angempelekea. Nilikuwa nimeinamia faili kama mtu anayetafuta kitu. Nilisubiri macho yake yaniondokee, na yalichukua muda. Kisha nikasikia sauti yake, “Mheshimiwa Spika, niko tayari.”

Hakuniuliza kitu siku ile, wala kesho yake. Nilishukuru. Nilijidanganya kwamba ana mambo mengi, amesahau.

Tulikwenda. Tulipita Mikumi, tukaacha lami, na ndani ya gari hakuna aliyezungumza ila dereva, aliyekuwa akiyalaani mashimo. Kijijini walikuwa wamepanga ndoo tupu mstari mmoja, kuanzia kwenye bomba hadi kwenye uzio wa shule. Hapakuwa na bango wala ngoma. Mbele kabisa alisimama mama mmoja mzee, na ndoo ya bluu ambayo mkono wake ulikatika ukafungwa waya. Waziri alimwendea wa kwanza, akainama. “Shikamoo.”

“Marahaba,” akaitika yule mama. Nilitarajia amtazame Waziri, maana si kila siku waziri anakuinamia. Alitutazama sisi maafisa, mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu aliyeelezwa habari zake. Nikajisogeza nyuma ya dereva.

Waziri alifungua bomba kwa mkono wake. Likatoa upepo, likakohoa, likanyamaza. Mwenyekiti wa kijiji akauliza, kwa heshima kabisa, “Mheshimiwa, tunaomba kujua. Nani alikwambia yanatoka?”

Nilijua nitatajwa, na sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka nitajwe iishe.

“Nilisema mimi,” Waziri akajibu. “Nilisema bungeni jambo ambalo si kweli, na nimekuja kuliona kwa macho yangu. Nawaombeni radhi. Kisima hiki kitatengenezwa.”

Watu hawakupiga makofi wala hawakuzomea. Walichukua ndoo zao wakaanza kushuka mtoni, kwa kuwa saa ya kwenda ilikuwa imefika. Yule mama alikuwa wa mwisho, maana alitembea kwa shida.

Video ilisambaa kabla hatujafika Morogoro, ikiwa na kichwa cha habari kwamba Waziri amekiri kulidanganya Bunge. Baada ya wiki chache mkeka ukatoka, ile orodha ya uteuzi ambayo watumishi wote huisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini, na jina lake halikuwemo. Sababu haikuandikwa. Siku ya kuaga alimwamkia dereva kama kawaida, akaja mezani kwangu na daftari. “Hili ni la ofisi,” akasema. “Na lile faili la Kisanga nimeacha nimeliandikia. Lisimamie.”

Nikasema nitalisimamia. Mwaka ule ule nikapandishwa cheo. Daftari nililiweka kwenye droo ya chini, faili nikaliandikia “kwa utekelezaji” nikalisukuma kwa wengine, na waziri mpya hakuwa na utaratibu wa kuuliza kama umepiga.

Mwaka huu nilishuka Kilosa kwa treni ya umeme, kwa arobaini ya shangazi yangu. Kwenye mkoba nilikuwa na daftari. Nilijiambia nalirudisha kwa mwenyewe, lakini nilichotaka hasa ni kusamehewa, na nilitaka nisamehewe haraka, kwa kuwa treni yangu ya kurudi ilikuwa ya jioni. Asubuhi na mapema nikapanda gari la Mikumi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, ukingoni mwa mji, akifunga makopo kwenye kamba kuzunguka ufuta wake. Piko alikuwa ameacha. Kichwa chote kilikuwa cheupe. “Tembo,” akanieleza kabla hata ya salamu. “Wao hawaleti swali kwa maandishi.”

Tukacheka. Akanipa kigoda. Muhogo wa kuchemsha ulikuwepo, na safari hii alinikaribisha, jambo lililonikosesha raha zaidi kuliko kama angeninyima.

“Mzee,” nikasema, “siku ile sikupiga.”

“Najua.”

“Ulijua lini?”

“Siku ile niliyojibu bungeni, saa saba mchana. Mama Maandazi alinipigia mwenyewe.” Akamenya muhogo. “Nilidhani utakuja jioni kuniambia. Halafu nikadhani utakuja kesho.”

Nilimuuliza mbona hakunifukuza. Akasema kunifukuza kungekuwa namna nyingine ya kusema alielezwa na wataalamu. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, “Kisima sasa kinatoa?”

“Nadhani kilishatengenezwa, mzee. Faili niliwapelekea wahusika, nikawaandikia—”

“Umepiga?”

Nilikuwa nimesafiri kutoka Dodoma kuja kulia mbele yake kwa ajili ya kisima kile, na sikuwa nimeuliza kama kina maji.

“Daftari unalo,” akasema.

Nikalifungua mapajani. Nikakosea namba, nikaanza upya. Mama Maandazi, ng'ambo ya Kisanga. Simu ikaita sikioni mwangu, na hapo hapo ikaita jikoni, nyuma ya ukuta.

Mama mmoja akatoka, simu sikioni, akitembea kwa kuegemea ukuta. Nilimtambua kabla hajafika mwangani: yule wa ndoo ya bluu. “Haloo? Nani mwenzangu?” Tukawa tunatazamana, simu masikioni, hatua kumi kati yetu.

Sikujua nifanye nini, nikaongea na simu. “Shikamoo, mama. Napiga kutoka wizarani. Nauliza kama kile kisima cha kwenu kinatoa maji.”

“Marahaba, mwanangu.” Alinijibu kwa simu vile vile, kwa adabu yote. “Hapa kwa mdogo wangu bomba linatoka. Kule hakijatoka tangu wakati ule. Magoti yaliukataa mto, ndipo mdogo wangu akaja kunichukua.”

Waziri alikuwa anayatazama makopo yake. “Dada yangu,” akasema. “Sikutaka muonekane mnatafuta maji ya dada wa Waziri, ndiyo maana sikusema. Na usiku wa kuamkia siku uliyotakiwa kupiga alianza kunieleza, nikamkatiza. Nikamwambia usiniambie mimi, mwambie kijana wangu atakapokupigia.” Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa, na nikaona kwamba hata yeye ana sehemu yake ya aibu, aliyoibeba muda wote huo bila kunigawia.

Mama akashusha simu. “Ndiye yule?”

“Ndiye.”

Akanitazama, safari hii bila kutafuta. “Nilikungoja,” akasema. “Siku hiyo nilikaa kutwa, simu nimeifunga hapa kwenye kanga. Sikwenda hata mtoni, maana kule bondeni mtandao unakatika, nikaona utapiga unikose, udhani nimekupuuza. Tulilala bila maji. Kesho yake nikawasha redio, nikasikia nimesema yanatoka.”

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuegemea. Nilianza kuomba radhi, na nilijisikia nikiongea kama karatasi zangu za zamani, kwamba nalitambua tatizo, kwamba nitalifuatilia. Waziri hakuninusuru. Mama alinyoosha mkono kunikatiza, kama mtu aliyesikiliza vipindi vingi vya maswali na anajua zamu yake imefika.

“Gari la Kisanga linaondoka saa saba,” akasema. “Uko tayari kuongozana nami?”

Tiketi ya treni ilikuwa kwenye mfuko wa shati, niliisikia inanigusa. Nikamtazama Waziri, naye akanitazama kama alivyokuwa akizitazama karatasi zangu, kabla hajaishika kalamu nyekundu.

“Niko tayari, mama,” nikasema.

Hakungoja nirudie. Alikuwa ameshageuka, anaingia ndani kuchukua ndoo yake.